UJIRA NA HESABU YAKE: SOMO KWA WATU WA MUZE NA UFIPA

Kazi ni jambo la heshima, lakini kazi isiyo na ujira wa haki humrudisha mtu nyumbani akiwa maskini kuliko alivyoondoka. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee wa vijiji na walimu, namna ujira unavyohesabiwa, sababu za kuwa mdogo, na njia iliyo halali ya kuudai. Twamwomba kila ajuaye kusoma awasomee wasiojua, maana hao ndio wapunjwao kwanza.

1. Habari za wazee wetu

Zamani Ufipa ilikuwa nchi ya mbali na reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini mtu wa Sumbawanga, au wa Muze huku chini katika Bonde la Rukwa, alikuwa na safari ndefu kabla ya kuifikia. Chakula kilikuwapo, mahindi na ulezi juu mlimani, samaki huku ziwani. Soko la kukigeuza kuwa fedha ndilo lililokuwa adimu. Kodi nayo, kwa sheria ya mwaka 1922, ilikuwa juu ya nyumba na juu ya kichwa, nayo ilitaka fedha.

Basi vijana wakaondoka. Wengine walikwenda katika dhahabu ya Lupa, wengine katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Walioandikwa kwenda kukata mkonge waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU.

2. Hesabu ya kipande

Kibarua wa mkonge alipewa kadi iitwayo kipande. Kadi hiyo ilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, naye alitakiwa kuzimaliza katika muda wa siku 42. Siku haikuandikwa mpaka amalize kazi yote aliyopimiwa asubuhi. Aliyeugua, au aliyeshindwa kumaliza, siku yake haikuhesabiwa.

Sasa na tufanye hesabu, kwa mfano tu. Mtu ameambiwa, “Utapata shilingi 15 kwa kipande.” Yeye akadhani kipande ni mwezi, akahesabu miezi 12, akaona shilingi 180 kwa mwaka. Lakini akimaliza kila kipande kwa siku 42, vipande 8 vitakula siku 336, naye atakuwa amepata shilingi 120. Zile siku 29 zilizobaki za mwaka hazitoshi kujaza kipande cha tisa. Hakuna aliyemwibia mfukoni. Shilingi 60 zimepotea ndani ya neno moja ambalo hakuliuliza maana yake.

Hili ndilo fundisho la kwanza: ujira si idadi ya shilingi peke yake. Ujira ni shilingi pamoja na muda, na kipimo cha kazi, na siku ya kulipwa. Ukijua moja bila mengine, hujajua ujira wako.

3. Kwa nini ujira ulikuwa mdogo

Wengine husema ulikuwa mdogo kwa sababu vibarua walikuwa wavivu. Si kweli. Ujira ulipimwa kana kwamba kila kibarua ni mtu mmoja asiye na nyumba. Ilidhaniwa kwamba mkewe na watoto watakula kutoka shamba la kwao. Kwa hiyo mwanamke aliyebaki Ufipa akilima matuta peke yake alikuwa akichangia faida ya shamba la Tanga, bila kulipwa senti.

Tena sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimhesabu aliyetoroka kazini kuwa mkosaji wa kushitakiwa. Na mtu asiyeweza kuondoka hana nguvu ya kupatana bei.

4. Walioungana

Wafanyakazi wa bandari waligoma Dar es Salaam na Tanga mwaka 1939. Mwezi wa Septemba 1947 wale wa Dar es Salaam waligoma tena, na mgomo ukafuata njia ya reli mpaka bara. Shauri lao lilisikilizwa, na ujira wao ukaongezwa. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vilijiunga katika shirikisho la TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Mtu mmoja akidai huitwa mkorofi. Watu mia wakidai kwa utaratibu huitwa mezani.

5. Sheria ya leo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka ambayo kila kijana yampasa kuijua:

(a) Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.
(b) Mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi.
(c) Ujira usikatwe ila kwa ruhusa ya sheria au kwa mapatano yaliyoandikwa.
(d) Mtoto wa chini ya miaka 14 asiajiriwe.
(e) Kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama. Wa mashambani wana chama chao, TPAWU.

Kima cha chini cha ujira hutangazwa kwa amri ya serikali. Amri ya mwaka 2022 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kazi za kilimo, na amri ya mwaka 2025 ikaleta viwango vipya kuanzia 1 Januari 2026. Mwalimu na apate nakala yake, aibandike mahali pa kusomeka.

Mwenye shauri hulipeleka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kanuni za mwaka 2007 zilitoa siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, na siku 60 kwa mashauri mengine. Anayekaa kungoja huruma mpaka siku zikapita hujifungia mlango mwenyewe.

6. Mashauri yetu

Kijana wa Muze aambiwapo, “Palilia mpunga huu, utalipwa tukivuna,” na aulize: kiasi gani, eneo lenye ukubwa gani, na mpunga ukikauka je? Mvua ni bahati ya mwenye shamba. Jasho la kibarua limekwisha kumwagika. Binti aendaye kutumika nyumbani mwa mtu Sumbawanga au Mbeya na aulize vivyo hivyo, na wazazi wake waandike jina la mwajiri na mahali akaapo. Kulala na kula si mshahara.

Wazee wa kijiji na waweke daftari la mapatano, lenye majina, kazi, bei, na siku ya malipo, na mashahidi wawili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwenye shamba mwaminifu asilichukie daftari hilo, kwa maana linamlinda yeye pia na kibarua achukuaye fedha akaiacha kazi nusu.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kibarua akimaliza kila kipande kwa siku 35, atapata vipande vingapi kamili kwa siku 365?
2. Taja mambo manne ya kuulizwa kabla ya kukubali kazi.
3. Ni nani aliyelisha nyumba ya manamba, na kwa nini kazi yake haikuhesabiwa?