Mas'ala ya Kuuza Fataki kwa Kila Mtu

Imeulizwa: Mwenye duka huuza fataki usiku wa Idi kwa yeyote ajaye, hata mtoto. Akilaumiwa hujibu, "Mimi nauza tu, dhambi ni ya mwenye kuwasha." Je, udhuru huu wafaa?

Jawabu: Jua, ewe ndugu, ya kuwa baruti si najisi, na kuiuza si haramu kwa asili yake, yapasua mawe, na hayo ni manufaa. Lakini Imamu Nawawi katika Minhaj amehesabu kumuuzia zabibu mtengeneza mvinyo katika biashara zilizokatazwa, ijapokuwa mkataba wasihi. Zabibu ni halali. Kilichokataza ni kumjua mnunuzi. Mwenye shaka tu, ni makuruhu kwake.

Nasi watu wa Mikindani na Msimbati hatuhitaji mfano wa mbali. Baruti ya kuvulia samaki imevunja matumbawe yetu, hata baada ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi kuwekwa mwaka 2000. Aliyemuuzia mvuvi yule hakutia mguu majini, wala hakusalimika.

Ama mtoto asiyebaleghe, ununuzi wake kwetu Mashafii hausihi hata kwa mkate, sembuse moto penye mapaa ya makuti! Fedha ile si mali ya mwenye duka. Yampasa amrudishie walii wa mtoto. Na hili wauzaji wengi hawapendi kulisikia.

Akiwasha mjuzi, mahali pa wazi, kwa kibali cha polisi, hukumu yake ni nyingine.

Wallahu aalam.