Somo la Historia: Watu wa Pemba na Amri ya Nane

Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Twaikumbuka upesi mbele ya hakimu. Yafaa tuikumbuke pia tusimuliapo habari za mababa. Watoto wengi wameambiwa ya kwamba historia ya Afrika ilianza merikebu za Wazungu zilipofika. Na tuipime habari hiyo kwa mfano wa Pemba, pamoja na Kojani, kisiwa kidogo kilicho pwani yake ya kaskazini-mashariki.

1. Kabla ya wageni kutawala. Huko Tumbe, kaskazini ya Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale wameona mabaki ya mji uliokaliwa tangu karne ya 7 hata ya 10. Wenyeji walijenga kwa miti na udongo, wakavua samaki, wakatengeneza ushanga wa kombe za bahari, wakanunua vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi. Baadaye ukasitawi mji wa Chwaka, wenye misikiti ya mawe. Basi Vasco da Gama alipopita pwani hii mwaka 1498, Tumbe ilikuwa imekwisha kuachwa yapata miaka 500.

2. Wakati wa kutawaliwa. Pemba ilitiishwa na Wareno, kisha na Wamazrui wa Mombasa, kisha na Seyyid Said wa Oman. Karafuu zikapandwa. Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika zaidi. Mashamba yakaongezeka huko, na watu wa bara wakaletwa kwa nguvu wayalime. Mwaka 1890 Uingereza ikaweka himaya yake. Mwaka 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa. Mabwana wakapewa fidia. Waliotumikishwa hawakupewa kitu, na wengi wakabaki katika mashamba yale yale, hawana ardhi yao wenyewe.

Bahari nayo ikagawanywa. Watu wa Kojani ni wavuvi. Tangu zamani huenda dago, yaani huhama na vyombo vyao na kukaa pwani ya mbali kwa muda, kisha hurudi kwao. Sasa mvuvi aliyevuka kwenda Tanga aliingia katika nchi ya Wadachi, hali samaki na pepo ni zile zile.

3. Baada ya ukoloni. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Na tarehe 26 Aprili mwaka ule ule ikaungana na Tanganyika. Wakojani wangali wakienda dago hata leo.

4. Mafundisho. Asemaye kwamba watu hawa hawakuwa na kitu mpaka walipoletewa, amshuhudia jirani uongo. Vile vile asemaye kwamba dhambi yote ilitoka Ulaya, awafanya waliouzwa wasahauliwe mara ya pili. Wengi wa Pemba ni Waislamu. Nao ni jirani zetu, wastahili tuwanenee kweli kama tupendavyo tunenewe sisi.

Maswali ya darasa:
(a) Ni nani aliyefaidika kwa sheria ya 1897, na ni nani aliyeachwa?
(b) Katika kijiji chako, ni habari zipi za wazee zisizosimuliwa, na kwa nini?
(c) Je, twasimulia habari za majirani wa dini nyingine kwa haki?