Elfu Kumi ya Leo Si Elfu Kumi ya Jana: Jinsi ya Kupima Msaada wa Kuhama

Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Familia zilizofurushwa makwao ziliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Mwaka 2024, mafuriko yalipokumba Nairobi na wakaazi wa kando ya mito kama Mathare wakaambiwa wahame, kiasi kilichotangazwa kwa kila familia kilikuwa kile kile: shilingi 10,000.

Miaka 16 imepita kati ya ahadi hizo mbili. Je, unga umebaki bei ile ile? Nauli je? Jibu unalo. Kwa muda huo bei nchini zimepanda zaidi ya mara mbili, kwa hivyo aliyepokea 2024 hakufikia hata nusu ya kile ambacho pesa hiyo ingenunua 2008.

Leo tunajifunza hesabu ya kurekebisha msaada ili uende sambamba na bei. Itakufaa kama wewe ni mweka hazina wa chama, uko kwenye kamati ya mtaa, au wewe ndiye unayepokea.

Hatua ya 1: Tafuta fahirisi ya bei

Kila mwezi, Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) hutoa fahirisi ya bei. Hii ni namba inayoonyesha kapu la bidhaa za kawaida limepanda kiasi gani. Unahitaji namba mbili tu: ya mwezi mlioweka kiwango, na ya mwezi mnaolipa.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Kiasi kipya = kiasi cha zamani × fahirisi ya sasa ÷ fahirisi ya zamani.

Tuseme mlipanga kulipa 12,000 fahirisi ikiwa 140, na sasa ni 147. 12,000 × 147 ÷ 140 = 12,600. Mkituma 12,000, mnayemsaidia amepunjwa 600 bila mtu yeyote kuiba.

Hatua ya 3: Angalia bei za mtaani

Fahirisi ni wastani wa nchi nzima. Familia nyingi zikihama kwa wakati mmoja, zote zinatafuta keja maeneo yale yale, na kodi hapo inaweza kuruka kuliko wastani. Kwa hivyo ulizia mambo matatu kabla ya kutuma: kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na ile mwenye nyumba anayoshikilia, gharama ya mkokoteni au pikapu, na chakula cha wiki moja. Usisahau ada ya kutoa pesa kwa wakala, maana hiyo pia hula msaada.

Wengine wanafanyaje?

Marekani ina sheria ya 1970 inayolinda watu wanaohamishwa na miradi ya serikali. Kiwango cha juu cha msaada wa mpangaji kilikwama kwenye dola 7,200 kwa miaka kadhaa. Mwaka 2024 kilipandishwa hadi dola 9,570, na kanuni mpya zikaruhusu kirekebishwe kulingana na mfumuko wa bei. Somo hapa ni moja: andikeni marekebisho kwenye makubaliano tangu mwanzo, msingoje watu walalamike.

Kama wewe ndiye unayepokea

- Hifadhi SMS zote za malipo. Ukilipwa kwa awamu, zitakusaidia kuonyesha awamu ya mwisho ilichelewa kiasi gani.
- Lipia kodi moja kwa moja kwa simu ukiweza, ili ubaki na ushahidi.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anatoka kwenye kamati ya msaada. Msaada wa kweli hauhitaji PIN yako.

Kikao kijacho cha chama, fungueni kipengele hiki kwenye ajenda: kiwango chetu cha msaada tulikiweka lini? Kama hakuna anayekumbuka, basi wakati wa kukirekebisha umefika.