Mbiu ya Mgambo Ikilia: Wajibu wa Chama cha Msingi Katika Maonyo ya Hali ya Hewa



Somo hili limekusudiwa kusomwa na kujadiliwa katika vikundi vya wanachama kabla ya mvua za msimu kuanza. Madhumuni yake ni kuonyesha jambo moja: onyo la hali ya hewa halimwokoi mtu kwa kutangazwa tu. Humwokoa linapomfikia mtu wa mwisho na kumkuta anajua la kufanya. Katika vijiji vyetu, chama cha msingi ni chombo kilicho tayari kuifanya kazi hiyo.

1. Majira na watu wa nchi hii

Igalula ipo kando ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, katika nchi ambayo misafara ya zamani iliipita ikitoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakusafiri ovyo. Wengi walitoka wakati wa kiangazi, mito ikiwa imekauka na mbuga zikipitika, na walijitahidi wawe wamerudi makwao wakati wa kulima. Kwao kuyajua majira ilikuwa sehemu ya kazi.

Reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, haikuondoa utawala wa majira. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yaliibomoa njia hiyo katika sehemu za Kilosa, na treni za abiria za kwenda bara zikasimama kwa miezi kadhaa. Mvua iliyonyesha mbali ilimfungia njia mkazi wa Igalula.

2. Onyo linatoka wapi?

Kazi ya kuchunguza hali ya hewa nchini ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Kwa mkoa kama Tabora, wenye msimu mmoja wa mvua, Mamlaka hutoa mwelekeo wa mvua za Novemba hadi Aprili kabla msimu haujaanza. Hutoa pia utabiri wa kila siku, na taarifa za hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo. Taarifa hizo zina ngazi tatu ambazo kila mwanachama hana budi kuzijua: angalizo, kwa rangi ya njano, tahadhari, kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, kwa rangi nyekundu.

Lakini ni lazima tuelewe mipaka ya elimu hii. Kimbunga cha baharini huonekana siku kadhaa kabla ya kufika. Ndivyo ilivyokuwa kwa kimbunga Hidaya, kilichofika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024: wananchi walitahadharishwa mapema, na vyombo vya majini vikazuiwa kusafiri. Mvua ya mawe ya huku kwetu ni jambo jingine. Joto la mchana hulipandisha wingu mpaka kwenye baridi kali ya juu. Matone huganda, husukumwa tena na upepo, huongezeka tabaka juu ya tabaka, kisha huanguka. Wingu hilo laweza kuzaliwa na kufa kwa muda wa saa chache, likapiga kitongoji kimoja na kukiacha cha pili. Mtaalamu anaweza kutaja mkoa ulio hatarini. Hawezi kutaja shamba lako siku mbili kabla. Saa ya mwisho ni ya macho na masikio ya wanakijiji wenyewe.

3. Funzo la Mwakata

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe na upepo mkali iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, katika mkoa jirani wa Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na maelfu waliathirika. Wengi wa waliokufa waliangukiwa na nyumba za udongo. Mawe ya barafu yalianguka kwa muda mfupi, lakini udhaifu wa kuta ulikuwapo kwa muda mrefu.

Funzo letu ni hili: janga la usiku haliwezi kusubiriwa mpaka usiku. Mtu aliyelala hatazami wingu. Usalama wake umo katika paa lililofungwa vizuri, msingi usiolowana kwa sababu mtaro umechimbwa, na ukuta uliokarabatiwa wakati wa kiangazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwakata ufa uligharimu zaidi ya ukuta.

4. Kwa nini onyo hufa njiani?

Mwaka 1970 kimbunga kiliwaua watu wanaokisiwa kufikia 300,000 au zaidi katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Kimbunga kilikuwa kimeonekana, ila onyo halikuwafikia wanavijiji wengi kwa namna ya kuwafanya waondoke. Tangu mwaka 1972 nchi hiyo ilianza kuwaandaa watu wa kujitolea vijijini, wenye vipaza sauti na bendera, wa kupita nyumba kwa nyumba. Baadaye yakajengwa na majengo ya kukimbilia. Mwaka 2007 kimbunga kikali kilichoitwa Sidr kiliua watu zaidi ya 3,000. Huo bado ni msiba mkubwa, lakini si ule wa 1970. Bahari ni ile ile na umaskini haukwisha. Kilichobadilika zaidi ni mwendo wa onyo na mahali pa kukimbilia.

5. Kazi ya chama cha msingi

Kwa sheria za nchi yetu, kamati za usimamizi wa maafa zinapaswa kuwapo kuanzia taifa mpaka ngazi ya chini. Chama hakipaswi kuunda serikali nyingine. Kinapaswa kuisaidia kamati ya kijiji kwa vile kilivyo navyo: daftari la wanachama, ghala, ofisi, na watu waliozoea kuitana mikutanoni. Tunapendekeza mambo matano.

(a) Bodi imteue mtu mmoja, na msaidizi wake, wa kusikiliza taarifa kila siku kwa redio au simu na kuziandika katika daftari.

(b) Wanachama wagawanywe kumi kumi kwa ujirani. Kila kundi liwe na mjumbe anayejua nani ni mzee, nani mgonjwa, nani hana simu. Huyo asiye na simu ndiye awe wa kwanza kupelekewa habari.

(c) Ikubaliwe ishara moja, iwe kengele, ngoma au kipande cha reli kinachogongwa, na isitumike kwa jambo lingine lolote. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini ikilia kila siku, watu huacha kuinuka.

(d) Yatajwe mapema majengo imara ya kukimbilia, na funguo zake ziwe kwa mtu anayejulikana. Mlango uliofungwa wakati wa tufani ni sawa na ukuta.

(e) Chama kiwe na kipimamvua, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 40 humwaga juu ya ekari moja lita 160,000 hivi. Mwanachama akilijua hilo, hatahitaji kubembelezwa kuchimba mitaro.

Kuhusu radi, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde 3 ni kilometa moja. Zikipungua 30, acha jembe uingie ndani ya nyumba, na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Miembe ya njia ya misafara ilimpa msafiri kivuli. Wakati wa radi, mti uliosimama peke yake ni mahali pa mauti.

6. Baada ya tufani

Watu kwanza, mazao baadaye. Kila mjumbe ahesabu watu wake kumi na kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji. Kisha tathmini ifanyike siku hiyo hiyo au kesho yake: jina la mkulima, ekari, umri wa zao, kiasi kilichoharibika, mashahidi. Penye bima ya mazao, taarifa itolewe ndani ya muda uliowekwa na mkataba.

Mkulima asing'oe kwa hasira. Mahindi machanga mara nyingi huchipua tena, kwa kuwa kitovu chake cha ukuaji kingali chini ya udongo. Tumbaku iliyovunjika mapema yaweza kukatwa na chipukizi moja kulelewa. Afisa ugani aulizwe kwanza.

Hapa pana jambo linalotuhusu sote. Pembejeo za tumbaku huchukuliwa kwa mkopo, na mara nyingi wanachama hudhaminiana. Mawe yakipiga mashamba ya watu kumi, deni hubaki likiwatazama wote. Asiyepigwa mwaka huu asidhani msiba ni wa jirani. Rekodi nzuri ndiyo inayomwezesha katibu kuzungumza na mkopeshaji kwa hoja, na kumlinda mkulima mwaminifu asiitwe mkwepa deni.

Maswali ya kujadiliana

1. Onyo likitolewa leo saa 12 jioni, litamfikia saa ngapi mwanachama anayekaa mbali kuliko wote? Lipitie kwa nani?
2. Ni nyumba zipi katika kundi lenu zenye kuta au paa lisiloaminika? Nani atasaidia kuzitengeneza kabla ya Novemba?
3. Funguo za jengo la kukimbilia ziko kwa nani usiku?
4. Je, chama kitenge fungu la maafa? Mkutano Mkuu uamue kiasi na masharti yake.

Majibu ya swali la kwanza yasiishie midomoni. Chagueni jioni moja, mpeleke ujumbe wa majaribio, na mwandike saa uliofika kwa mtu wa mwisho. Saa hiyo ndiyo kipimo cha utayari wa chama chenu.