Mwenzi Wako Halali Usiku

Wanandoa, mkiishi Lindi, kule Kibera, ndani ya chumba kimoja cha mabati, mmoja akikosa usingizi wote mnajua. Mke anageuka huku na huku, moyo unamdunda, anawaza karo, kodi ya nyumba, na mafuriko ya mwaka 2024. Jirani humwambia mume: "Huyo ana siri." La hasha! Wasiwasi unaodumu miezi na kumzuia mtu kufanya kazi zake ni ugonjwa, nao una tiba.

Mpeleke hospitali: Mbagathi iko karibu, na Mathari imepokea wagonjwa wa akili tangu 1910. Daktari huenda akaandika dawa ya kutibu sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka. Msishangae. Baadhi ya dawa hizo hutuliza wasiwasi pia, na wasiwasi ukipungua usingizi hurudi. Lakini haurudi usiku uleule. Fluoksetini, inayomezwa asubuhi, huchukua wiki kadhaa, na siku za kwanza mgonjwa aweza kuhangaika zaidi. Amitriptilini ni ya zamani, humezwa jioni na huleta usingizi mapema. Hukausha kinywa na kufunga choo. Vidonge vyake vingi vikimezwa pamoja huua, kwa hiyo vifungieni mbali na watoto.

Sasa neno kwako, mume. Dawa hizi zaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Nyumba ngapi zimegombana bure hapa! Mke akikuambia "leo siwezi," usianze kumtafutia mpenzi wa nje. Nendeni pamoja kwa daktari. Aweza kubadili kipimo au dawa. Nawe mke, usivitupe vidonge kwa siri ili kumpendeza. Ukiacha ghafla waweza kupata kizunguzungu, na usingizi waweza kupotea tena. Kwa kawaida dawa huendelea miezi kadhaa hata baada ya kupona, na huachwa polepole. Ukiwa mjamzito, mwambie daktari mapema.

Wengine hukimbilia diazepamu ya dukani. Kweli, utalala leo, lakini mwili huizoea upesi, na ikichanganywa na chang'aa yaweza kuzima pumzi.

Mwenzi wako akisema amechoka kuishi, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyohiyo, na usimwache peke yake njiani.