Karatasi na Mafuta Ndani ya Transfoma: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mtumiaji wa Umeme

Umeme unaofika Shinyanga na Geita husafiri mbali. Njia kuu ya msongo wa kilovolti 400, yenye urefu wa kilometa 670, hutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi kituo cha Ibadakuli, Shinyanga. Baada ya hapo msongo hupunguzwa, na nyaya za kilovolti 33 huufikisha umeme vijijini na kwenye maeneo ya machimbo. Hatua ya mwisho ni transfoma ya kwenye nguzo, inayoushusha hadi volti 400 kwa mashine na volti 230 kwa nyumba. Katika somo hili tunaeleza kinachouzuia umeme usivuje ndani ya transfoma hiyo, jinsi kinavyoharibika, na namna ya kukilinda.

1. Kilichomo ndani

Ndani ya tangi mna kiini cha bati za chuma kilichozungushiwa koili za shaba au alumini. Koili huhamiwa kwa karatasi itokanayo na miti, kisha vyote huzamishwa katika mafuta. Mafuta huondoa joto, na pia hujaza vitundu vya karatasi ili hewa isibaki humo. Yakichakaa, huweza kuchujwa au kubadilishwa. Karatasi haibadilishwi mpaka transfoma ifumuliwe. Kwa hiyo uhai wa karatasi ndio uhai wa transfoma.

2. Chaji juu ya uso wa karatasi

Mafuta hupitisha umeme kidogo sana, na karatasi kavu hupitisha kidogo zaidi. Chaji zinazopita katika mafuta zikifika kwenye karatasi hukuta njia imekuwa finyu, nazo hujikusanya juu ya uso wake, kama watu wengi waliofika kwenye mlango mmoja mwembamba. Mkusanyiko huo hubadili mgawanyo wa msongo: sehemu moja hupunguziwa mzigo, nyingine huongezewa.

Jambo hili huwa kubwa katika umeme usiobadili mwelekeo, kama ule wa njia ya kilovolti 500 itokayo Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya. Umeme wa vijijini kwetu hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde, hivyo chaji hazipati muda wa kurundikana sana. Hata hivyo, mpaka wa karatasi na mafuta hubaki kuwa mahali dhaifu. Unyevu na uchafu vikitua hapo, umeme hupata njia ya kutambaa. Radi ikipiga waya, msongo wa ghafla huusukuma umeme katika njia hiyo hiyo. Cheche ndogo huunguza karatasi na kuacha alama nyeusi zenye matawi kama mizizi, na kila alama huirahisishia njia cheche inayofuata.

3. Mzigo uliozidi

Joto nalo huichakaza karatasi. Kwa kanuni wanayoitumia wahandisi, kila ongezeko la nyuzi 6 za Selsiasi juu ya nyuzi 98 hupunguza uhai wa karatasi ya kawaida kwa nusu. Isitoshe, karatasi inayochakaa hutoa maji, na maji hayo huongeza unyevu tulioutaja.

Tuchukue mfano. Transfoma ya kilovolti-ampea 100 hutoa takriban ampea 144 kwa kila fezi. Mota ya karasha ya kilowati 22 hutumia takriban ampea 40, na inapowashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya hizo kwa muda mfupi. Makarasha matatu huchukua ampea 120. Zinazobaki, 24 tu, ndizo za nyumba, mashine ya kusaga na jokofu la chanjo la zahanati. Karasha la nne likiunganishwa bila taarifa, huenda taa zisizimike siku hiyo. Karatasi ndiyo inayoungua polepole, na siku itakaposhindwa, kijiji kizima hukaa gizani.

4. Mafuta ya transfoma si ya kuuzwa wala kutumiwa

Mafuta yakiibwa, koili hubaki hewani, joto hupanda na karatasi hunyonya unyevu. Anayefungua tangi lenye umeme huweza kufa papo hapo. Mafuta hayo hayafai kukaangia wala kupaka mwilini. Baadhi ya transfoma za zamani zina sumu iitwayo kwa kifupi PCB, inayodumu mwilini na inayoweza kusababisha saratani. Sumu hiyo haitambuliki kwa macho. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa kutumia vifaa vyenye sumu hiyo.

5. Mambo ya kuzingatia

(a) Kabla ya kufunga karasha au mota kubwa, toa taarifa TANESCO ili uwezo wa transfoma upimwe.

(b) Tumia fundi mwenye leseni, na umwombe kifaa cha kupunguza mkondo wa kuwashia mota.

(c) Ukiona mafuta yanavuja, au ukisikia mlio usio wa kawaida, kaa mbali, wazuie watoto, kisha toa taarifa mara moja.

(d) Usinunue mafuta usiyojua yalikotoka.

(e) Andika tarehe ya kila taarifa uliyotoa, na utunze namba yake. Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma, una haki ya kupeleka lalamiko lako EWURA, na kumbukumbu hizo ndizo zitakazokuwa ushahidi wako.