Kupakua Sauti kwa Linux: Kubofya au Kuandika Amri?

Wanachama wenzangu, kule Kibera na Kawangware stima hupotea bila hodi, na bando si ya bure. Sasa, ngano 20 za kusikiliza kabla ya mtihani utazipakuaje? Programu ya kubofya, mfano uGet, ni rahisi: bandika anwani, bofya, basi. Lakini kura yangu mimi naipa amri. Andika anwani zote katika faili, orodha.txt, kisha:

wget -c -i orodha.txt

Hiyo “c” huendeleza faili pale ilipokatikia, seva ikiruhusu. Hulipii tena ulichokwisha kupata. Hadithi ikiwa ndani ya video, yt-dlp -x hukutolea sauti tu. Picha, ambayo ndiyo mlafi wa bando, mara nyingi haishuki kabisa. Ila chunga: X kubwa siyo x ndogo.